Bei ya Nyumba na Haki ya Kuiuza: Historia Fupi ya Mtaa wa Ngara



Katika mikutano ya mwaka huu jambo moja limezungumzwa kuliko mengine yote, nalo ni kama yafaa hazina ya chama chetu itumike kununua nyumba katika mtaa wa Ngara. Wako waliosema kwamba nyumba ya Ngara haishuki thamani kamwe, kwa kuwa mtu hutoka pale akafika katikati ya mji kwa miguu. Wako waliojibu kwamba bei za huko zimepanda kupita kiasi, na kwamba fedha zilizowekwa kwa ajili ya wajane, mayatima na mazishi zisitiwe hatarini. Halmashauri iliona ni vyema, kabla kura haijapigwa, wanachama wasomewe habari za mtaa huo tangu mwanzo: ni akina nani waliouziana nyumba, kwa sababu gani bei zilipanda au zikaanguka, na nani walibaki na mali mikononi. Ndiyo kazi tuliyoagizwa, nasi twaileta mbele yenu.

Neno kuu tuliloliona katika habari hizi twalitaja mapema, ili msomaji alipime mwenyewe. Kila mara nyumba ya Ngara ilipouzwa upya, bei yake ilifuata mambo mawili kuliko ilivyofuata mawe, mabati au idadi ya vyumba. La kwanza ni nani aliyeruhusiwa na aliyeweza kuinunua. La pili ni haki gani mwenye nyumba alikuwa nayo ya kuiuza. Penye wanunuzi wengi na haki kamili, bei ilisimama. Penye upungufu wa mojawapo, hata nyumba nzuri ya mawe iligeuka mzigo.

MJI ULIOGAWANYWA

Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi tarehe 30 Mei 1899, mahali ambapo Wamasai walipaita kwa jina la maji baridi. Hapo palikuwa kambi ya wafanyakazi, kisha pakawa mji. Tangu miaka ya mwanzo watawala walitaka kila taifa la watu likae mahali pake. Mwaka 1902 tauni ilipoingia, soko la Wahindi liliteketezwa kwa moto kwa amri ya wakubwa. Mwaka 1908 Lord Elgin, Waziri wa Makoloni huko London, alitoa ahadi kwamba mashamba ya nyanda za juu yasipewe Wahindi. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alikuja kuchunguza afya ya miji, akapendekeza Wazungu, Wahindi na Waafrika watengwe katika makao yao, akitoa sababu ya magonjwa.

Ngara iko kaskazini ya Mto Nairobi, kati ya mji wenyewe na mitaa ya Parklands na Pangani. Mahali hapo pakawa mojawapo ya sehemu ambazo Wahindi waliweza kukaa. Waliokaa huko walikuwa makarani na mafundi wa reli, wenye maduka, waalimu, Wagoa waliotumikia ofisi za serikali, na maseremala waliojenga sehemu kubwa ya mji huu kwa mikono yao. Walijenga nyumba za mawe zenye baraza mbele na ua ndani. Nyuma waliweka vyumba vidogo vya watumishi, na humo ndimo wengi wa baba zetu walipolala miaka mingi. Kwa hiyo Waafrika wamekaa Ngara tangu zamani, ila walikaa uani, bila hati wala sauti.

Mwaka 1923 Serikali ya Uingereza ilitoa tangazo lijulikanalo kwa jina la Devonshire. Tangazo hilo liliacha sheria ya kutenga mataifa katika miji, ingawa lilithibitisha kwamba nyanda za juu ni za Wazungu. Mtu akisoma maneno hayo peke yake angedhani kwamba tangu siku hiyo Mhindi mwenye fedha aliweza kununua nyumba popote Nairobi. Sivyo ilivyokuwa. Katika mitaa ya Wazungu masharti yaliandikwa ndani ya hati zenyewe za viwanja, kwamba asiyekuwa Mzungu asimiliki wala asikae humo. Sheria ilinyamaza, lakini hati iliendelea kusema.

Hapa ndipo fundisho la kwanza la bei linapoonekana. Watu walioongezeka kila mwaka, wengi wao wakiwa na mishahara au biashara, walibanwa ndani ya mitaa michache: Ngara, sehemu za Parklands, Eastleigh, na baadaye Pangani. Aliyetaka kuuza nyumba Ngara hakukosa mnunuzi, kwa kuwa mnunuzi hakuwa na pengine pa kwenda. Familia mbili au tatu zilishirikiana nyumba moja. Mwenye nyumba alikaa upande mmoja akapangisha upande wa pili, na kodi hiyo ikalipa deni la ujenzi. Bei ilikuwa juu, na ukuta uliowazuia watu kutoka ndio ulioishikilia. Wazee wetu walioona bei hizo walidhani ni uzuri wa mtaa. Ukweli ni kwamba lilikuwa soko lililofungwa, na soko la namna hiyo hupandisha bei kwa muda tu, mpaka mlango utakapofunguliwa.

HABARI ZA PANGANI

Ng'ambo ya Ngara kwa upande wa mashariki palikuwa kijiji cha Pangani, na habari zake zatupasa sisi zaidi. Kabla ya vita vya pili vya dunia Pangani kilikuwa kijiji cha Waafrika, mojawapo ya vile vya kwanza katika Nairobi. Walijenga humo watu wa makabila mengi, wengi wao Waislamu, na wanawake wengi walikuwa na nyumba zao wenyewe. Nyumba zilikuwa za miti na udongo, zenye vyumba vingi vya kupangisha, na kodi ya vyumba hivyo ilisomesha watoto na kutunza wazee.

Mwenye nyumba wa Pangani aliweza kuonyesha kuta zake, wapangaji wake na mlango wake. Hakuweza kuonyesha hati ya ardhi. Ardhi ilikuwa ya serikali, naye alikaa kwa ruhusa. Baraza la Manispaa lilikuwa limefungua Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili Waafrika wote wa vijiji vya zamani wahamie huko. Pangani kilichelewa, lakini amri yake ilikuwa imekwisha kukatwa. Kufikia mwaka 1939 kijiji kilikuwa kimebomolewa, na wenye nyumba wakahamishiwa mtaa mpya uliojengwa na Manispaa, nao ukaitwa Shauri Moyo. Huko walipewa haki ya kukaa maisha yao. Hawakupewa mali ambayo mtu angeweza kuiuza kwa bei ya soko au kuwarithisha watoto wake kwa uhuru. Ardhi ya Pangani ikapimwa viwanja, na nyumba za mawe za Wahindi zikasimama mahali pale pale.

Tuyatafakari mambo hayo. Ardhi ilikuwa ile ile, umbali kutoka mjini ule ule, na mto ule ule. Nyumba ya mwenye kibali ilipoondolewa alipata nafasi ya kulala. Nyumba ya mwenye hati ilipouzwa miaka michache baadaye juu ya udongo huo huo ililipwa bei kamili. Tofauti yote ilikuwa katika karatasi. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na wenye nyumba wa Pangani waliyaona hayo kwa macho yao.

MWAFRIKA NA HATI

Kwa muda mrefu watawala walimhesabu Mwafrika wa Nairobi kuwa mgeni wa kazi, ambaye kazi ikiisha atarudi kwao. Kwa hiyo alijengewa chumba cha kulala, kama vile Kariokor, lakini hakuuziwa nyumba. Ndizo siku ambazo vyama kama chetu vilianza, kwa maana aliyekufa mjini hakuwa na ukoo wa kumzika wala nyumba ya kuwekewa matanga, na wenzake ndio waliochanga kumsafirisha.

Mawazo yalianza kugeuka baada ya vita. Mwaka 1950, mwaka ule ule ambao Nairobi ilipewa hadhi ya jiji, Bwana Ernest Vasey alitoa ripoti juu ya makao ya Waafrika mijini, akashauri wasaidiwe kumiliki nyumba zao. Mwaka 1953 iliundwa Bodi Kuu ya Nyumba. Mwaka 1955 Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki ilisema kwamba mtu apewe haki yake binafsi juu ya ardhi, na kwamba Mwafrika ahesabiwe kuwa mkaaji wa kudumu wa mji. Maneno yalikuwa mema, ila yalitolewa katika siku za Hali ya Hatari. Tarehe 24 Aprili 1954 askari walizunguka Nairobi na maelfu ya watu wakakamatwa na kupelekwa vizuizini. Mtu asiyekuwa na uhakika wa kulala mjini usiku huo hangeweza kufikiri habari za kununua nyumba Ngara.

MIAKA YA 1960 HATA 1968

Mwanzoni mwa mwaka 1960 ulifanyika mkutano wa Lancaster House, London, na ikajulikana kwamba Kenya itatawaliwa na wananchi wengi. Wenye fedha wakaogopa, wakaanza kuzitoa nchini. Ujenzi katika Nairobi ulipungua sana na bei za nyumba zikaanguka. Hakuna jiwe lililobomoka. Wanunuzi ndio waliopungua, na waliobaki wakasubiri.

Baada ya Uhuru, tarehe 12 Desemba 1963, watu wasiokuwa raia kwa kuzaliwa walipewa miaka miwili kujiandikisha. Wengi wa Wahindi wa Nairobi hawakujiandikisha kabla ya siku hiyo kupita, wakabaki na pasi za Uingereza. Mwaka 1967 Bunge lilipitisha sheria ya uhamiaji iliyodai kibali cha kazi, na sheria ya leseni za biashara iliyozuia wasiokuwa raia kufanya biashara katika sehemu fulani na kwa bidhaa fulani. Habari zikaenea kwamba Uingereza nayo itafunga mlango, watu wakaharakisha kuondoka. Mlango ukafungwa kweli kwa sheria iliyoanza tarehe 1 Machi 1968. Hesabu ya watu ya mwaka 1962 ilionyesha Wahindi zaidi ya 86,000 katika Nairobi. Ile ya mwaka 1969 ilionyesha kama 67,000.

Katika miezi ile mabango ya kuuza nyumba yaliwekwa Ngara, Pangani na Eastleigh kwa wakati mmoja. Ukuta wa zamani ulikuwa umeondoka: Mhindi aliyekuwa raia na mwenye uwezo aliweza sasa kununua Westlands au Lavington, na yule asiyekuwa raia alitaka kusafiri. Wauzaji wakawa wengi kuliko wanunuzi, na aliyekuwa na tiketi mfukoni aliuza kwa bei aliyopewa. Tena sheria ya udhibiti wa fedha za kigeni, ambayo ilidumu hata miaka ya 1990, ilimzuia mwuzaji kutoa fedha zake zote nje. Kwa sababu hiyo wengine hawakuuza. Waliacha nyumba mikononi mwa ndugu, wakili au dalali, wapangaji wakaingia, na mwenyewe akabaki jina katika hati, akikaa Leicester au London. Baadhi ya nyumba hizo zimeleta kesi hata katika siku zetu.

Je, Waafrika walinunua? Walionunua walikuwa wale walioweza kupata mkopo. Kampuni ya kukopesha fedha za nyumba, Housing Finance, iliundwa mwaka 1965 na Serikali ikishirikiana na shirika la maendeleo la Uingereza. Shirika la Taifa la Nyumba lilifuata mwaka 1967. Mkopo ulimfikia ofisa mwenye mshahara wa kudumu na mfanyabiashara mwenye dhamana. Tarishi, mpishi na karani mdogo, ambao pengine walikaa katika ua wa nyumba hiyo hiyo miaka 20, waliona nyumba ikiuzwa kwa bei ya chini kuliko wakati wowote, nao hawakuweza kuinunua. Hatuandiki haya kwa kuchochea chuki juu ya Mhindi aliyeuza wala juu ya Mwafrika aliyenunua. Twaandika ili ijulikane kwamba bei ya chini haimsaidii asiyekuwa na njia ya kuilipa, na kwamba vyama kama chetu, laiti vingekuwa na akiba iliyoandikishwa vizuri katika miaka hiyo, vingeweza kusimama mahali pa mtu mmoja mmoja.

KODI NA KILEMBA

Tangu zamani za vita palikuwa na sheria ya kuzuia kodi za nyumba zisipandishwe ovyo na mpangaji asifukuzwe bila idhini ya baraza la kodi. Ilikuwa sheria ya huruma. Lakini iliathiri bei kwa namna ambayo wengi hawakuitazamia. Nyumba iliyokuwa na mpangaji wa zamani anayelipa kodi ndogo iliuzwa kwa bei ndogo, na nyumba tupu ya jirani, yenye vyumba vile vile, iliuzwa kwa bei kubwa. Baadaye kikomo cha sheria kiliwekwa kwenye kodi ya shilingi 2,500 kwa mwezi, kikabaki hapo miaka mingi huku thamani ya shilingi ikishuka, hata kikawa hakina maana kwa nyumba za Ngara.

Katika maduka mambo yalikuwa mengine. Sheria ya mwaka 1965 ilimlinda mpangaji wa duka na hoteli asitolewe bila kufikishwa mbele ya baraza. Duka la Ngara lilipokuwa na wateja wengi, mpangaji aliyetoka alimdai anayeingia fedha za kumwachia mlango. Wazee wa pwani huziita kilemba, na wafanyabiashara wa Nairobi huziita gudwili. Kwa njia hiyo Ngara ilipata bei mbili juu ya mahali pamoja: bei ya mwenye hati, na bei ya mwenye funguo. Mnunuzi asiyeuliza juu ya ile ya pili hununua ile ya kwanza akajikuta na mali asiyoweza kuingia.

MIAKA ILIYOBAKI KATIKA HATI

Sasa twafika katika jambo ambalo madalali hawalitaji. Viwanja vingi vya Nairobi havikuuzwa moja kwa moja. Vilikodishwa na Serikali, mara nyingi kwa muda wa miaka 99. Anunuaye nyumba juu ya kiwanja cha namna hiyo hununua miaka iliyobaki.

Tuchukue mfano. Tuseme kiwanja kilikodishwa mwaka 1935 kwa miaka 99. Muda wake utakwisha mwaka 2034. Aliyekinunua mwaka 1968 alinunua miaka 66. Aliyekinunua mwaka 2014 alinunua miaka 20. Nyumba ni ile ile, na huenda imepakwa rangi mpya, lakini wa pili amenunua chini ya theluthi moja ya alichonunua wa kwanza. Tena benki itakayoombwa mkopo wa miaka 25 juu ya hati yenye miaka 10 itakataa, na benki ikikataa, wanunuzi hupungua, na bei hufuata.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 ilitoa nafuu. Muda ukiisha, mwenye kiwanja aliye raia wa Kenya hupewa nafasi ya kwanza ya kupewa tena, mradi Serikali haikihitaji kwa kazi ya umma. Lakini nafasi ya kwanza lazima iombwe, ilipiwe, na ikubaliwe. Katiba ya mwaka 2010 nayo iliweka kwamba asiyekuwa raia hawezi kumiliki ardhi kwa muda unaozidi miaka 99, na hati zake zilizokuwa ndefu zaidi zikakatwa kuwa miaka 99. Kwa hiyo mwanachama aulizapo bei ya nyumba Ngara, swali la pili liwe: hati ilianza mwaka gani?

NYUMBA ZA GHOROFA

Tangu barabara kuu ya Thika ilipokamilika mwaka 2012, Ngara imebadilika upesi. Nyumba za zamani zenye baraza zimebomolewa moja baada ya nyingine, na mahali pake pamejengwa ghorofa za vyumba vidogo na mabweni ya wanafunzi. Sinema ya Shan, ambayo zamani ilionyesha filamu za Kihindi, imegeuzwa ukumbi wa sarakasi na michezo. Mnunuzi wa siku hizi mara nyingi haangalii nyumba ya zamani hata kidogo. Huhesabu ghorofa ngapi ataruhusiwa kujenga, na bei yote ni ya udongo. Mwenye kuuza asiyelijua hilo huuza vyumba vinne, hali mwenzake ananunua vyumba themanini.

Kuna pia wanunuao nyumba moja ndani ya ghorofa. Sheria ya mwaka 2020 imewawezesha kupata hati ya sehemu yao wenyewe. Karatasi ya mjenzi, iwe na mihuri mingapi, haitoshi mahali pa hati hiyo.

Serikali nayo imejenga. Katika Barabara ya Park, Ngara, zimesimama nyumba 1,370 za mpango wa nyumba za bei nafuu, mradi uliokuwa miongoni mwa ya kwanza ya mpango huo. Huko Pangani, mtaa wa zamani wa kaunti wenye familia 48 ulibomolewa kuanzia mwaka 2020 ili zijengwe ghorofa, na wapangaji wake wakaahidiwa kwamba watauziwa. Wasomaji wameona jina hilo mara ya pili katika insha hii. Mara ya kwanza watu wa Pangani walipewa mahali pa kukaa tu. Mara hii waliahidiwa kununua, na hiyo ni hatua mbele.

Lakini hata hapa yafaa kuuliza habari za kuuza. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, ambayo pia iliweka ushuru wa asilimia 1.5 ya mshahara, yasema kwamba aliyenunua nyumba ya mpango huo asiiuze pasipo idhini ya bodi kwa maandishi. Sababu yake yaeleweka. Mwaka 1975 viwanja 6,000 vilianza kutengwa Dandora kwa ajili ya watu wa kipato kidogo, na baada ya miaka si mingi vingi vilikuwa mikononi mwa wenye uwezo. Bodi yataka kuziba mlango huo. Hata hivyo sharti ni sharti. Nyumba ambayo mwenyewe haruhusiwi kuiuza apendapo ni makao mazuri, lakini si akiba ya dharura. Anunuaye ili akae hana haja ya kuogopa. Anunuaye akitumaini kuiuza siku mtoto atakapoitwa chuo kikuu, na asome sharti hilo mara mbili.

TUNAYOSHAURI

Ndugu wanachama, mwaka 2019 Nairobi ilihesabiwa kuwa na watu 4,397,073. Mwaka huo huo mikopo ya nyumba ya mabenki katika Kenya nzima haikufika 30,000. Linganisheni namba hizo mbili. Zinaonyesha kwamba wanaotamani nyumba za Ngara ni wengi sana, lakini wawezao kuinunua nyumba siku utakapotaka kuiuza ni wachache. Dalali huonyesha kundi la kwanza. Bei hutolewa na kundi la pili.

Kwa hiyo, kama mkutano mkuu utaamua kununua, twashauri mambo manne.

Kwanza, hati ichunguzwe katika daftari la Serikali, ambalo kwa Nairobi limewekwa katika mtambo wa Ardhisasa tangu mwaka 2021. Jina la mwenyewe, mwaka wa kuanza, miaka iliyobaki, na madeni yote yaandikwe na kusomwa mbele ya Halmashauri. Kama mwenyewe yuko ng'ambo na mwingine anauza kwa niaba yake, mamlaka hayo yathibitishwe kwa mwenyewe. Kama mwenyewe amefariki, warithi wote wawe wamekubali mahakamani.

Pili, gharama zihesabiwe zote. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4. Nyumba ya shilingi 10,000,000 huongeza hapo shilingi 400,000, kabla ya wakili kulipwa. Na siku ya kuuza, faida hukatwa kodi, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15.

Tatu, mali isiandikwe kwa jina la Mwenyekiti, wala la Mweka Hazina, hata kama twawaamini kama ndugu zetu wa damu. Iandikwe kwa wadhamini walioandikishwa kisheria, ili mmoja akifa mali isirithiwe na watoto wake na chama kikaachwa mlangoni.

Nne, kabla ya kutia sahihi, swali hili liulizwe kwa sauti: tukitaka kuuza baada ya miaka 10, nani atanunua, na nani anaweza kutuzuia? Jibu likikosekana, fedha zibaki benki.

Wazee wetu husema kwamba nyumba njema si mlango, bali fungua uingie ndani. Katika Ngara, kuingia ndani ni kusoma hati. Wenye nyumba wa Pangani walikuwa na milango mizuri. Wenye nyumba wa mwaka 1968 walikuwa na hati nzuri, wakakosa wanunuzi. Chama chetu kina nafasi ambayo wao hawakuipata, ya kujua mambo yote mawili kabla ya kutoa shilingi ya kwanza.

Twawatakia mkutano wa amani, na kura yenye busara.

Ni sisi watumishi wenu,
Ofisi ya Mwandishi